Nani alifundisha? Namna ya kuibana serikali kuhusu mafunzo ya kuhoji mahabusu jeshini

Kesi nyingi za mateso kizuizini huishia kwa koplo. Askari mmoja anashitakiwa, anafungwa, na wizara inatoa tamko kwamba alikuwa mtovu wa nidhamu aliyekwenda kinyume na mafunzo yake. Mafunzo yenyewe hakuna anayeyadai. Nani aliyatoa, kwa kitini kipi, nani aliidhinisha kitini hicho, na lini kilisahihishwa mara ya mwisho? Maswali hayo manne ndiyo yanayoifikisha kesi mezani kwa waziri. Mwongozo huu ni wa waandishi wa habari, mawakili, watafiti na mashirika ya haki za binadamu wanaotaka kuyauliza na kupata majibu.

Mfano tunaoufuata ni wa Uingereza. Nyaraka zake nyingi zimeshatolewa hadharani, na mbinu zake za kuhoji zilipita Kenya kabla ya kufika Ireland Kaskazini na Iraki. Njia za Kenya na Marekani tunazieleza pale zinapohusika.

Tafuta pengo kati ya katazo na somo

Mwaka 1971 huko Ireland Kaskazini, wanaume 14 walitengwa na wenzao na kuhojiwa kwa kile kilichokuja kuitwa mbinu tano: kusimamishwa ukutani kwa saa nyingi, kufunikwa kichwa kwa gunia, kelele zisizokatika, kunyimwa usingizi, na kunyimwa chakula na maji. Jopo la Lord Parker, lililoundwa na serikali ya Uingereza kuzipitia mbinu hizo na lililoandika ripoti yake 1972, lilitaja mahali ambapo mbinu hizo, zote au baadhi, zilikuwa zimeshatumika: Palestina, Malaya, Kenya, Cyprus, Aden, Borneo na kwingineko. Tarehe 2 Machi 1972 Waziri Mkuu Edward Heath aliliambia Bunge kwamba hazitatumika tena.

Tarehe 15 Septemba 2003, mpokea wageni wa hoteli mjini Basra, Iraki, Baha Mousa, mwenye umri wa miaka 26, alikufa mikononi mwa kikosi cha Uingereza akiwa na majeraha 93. Alishikiliwa kwa saa kama 36, na kwa karibu saa 24 kati ya hizo kichwa chake kilikuwa kimefunikwa. Tume ya uchunguzi ya Sir William Gage, iliyotoa ripoti Septemba 2011, iligundua kwamba katazo la Heath lilikuwa limeyeyuka njiani. Kufikia vita vya Iraki, Wizara ya Ulinzi haikuwa na mwongozo wa maana kuhusu kuhoji wafungwa wa vita uliokuwa ukipatikana kwa waliouhitaji.

Kwa hiyo usiulize kama mateso yamekatazwa. Jibu ni ndiyo, kila nchi, kila mara, na barua itakuja na nembo nzuri juu. Uliza juu ya ngazi tatu, kila moja kwa ombi lake. Ya kwanza ni katazo: sheria au tamko la waziri. Ya pili ni mwongozo wa jeshi unaogeuza katazo kuwa kanuni za kazi. Ya tatu ni somo, yaani slaidi, vitini, mazoezi na mtihani anaoupata mwanafunzi darasani. Ukiziunganisha katika swali moja utajibiwa kuhusu ya kwanza tu.

Kwenye ngazi ya somo kuna kozi tatu, na wizara hupenda kuzichanganya. Ipo ya wahojaji rasmi, ambao ni wachache. Ipo ya maswali ya haraka yanayoulizwa karibu na mahali mtu alipokamatwa, na hii huwafikia askari wengi zaidi. Halafu ipo ya askari wenyewe kujifunza kuhimili kutekwa, ambamo hufunikwa vichwa na kusimamishwa ukutani ili wajue adui anaweza kuwafanyia nini. Hii ya tatu wengi huisahau, na kumbe ndiko mbinu zilizokatazwa huendelea kuishi kihalali. Askari aliyetoka humo anajua kazi ya gunia hata kama hakuna aliyemwagiza kulitumia. Tume ya Gage iliitaja hatari hiyo. Kamati ya Majeshi ya Seneti ya Marekani nayo, katika ripoti yake ya 2008, ilionyesha kwamba mbinu za mafunzo ya kuhimili kutekwa ndizo zilizogeuzwa kutumiwa kwa mahabusu wa Guantanamo. Usipoomba mtaala wa kozi hii, utapata picha nusu.

Kuandika ombi

Sheria ya uhuru wa taarifa ya Uingereza ya 2000 haimbagui muombaji kwa uraia wala makazi. Mtu aliyeko Nanyuki au Muscat ana haki sawa na aliyeko London, na ombi halilipiwi. Wizara ina siku 20 za kazi kujibu, ingawa inaweza kujiongezea muda kwa hoja ya kupima maslahi ya umma.

Ukuta wa kwanza utakaougonga ni gharama. Wizara kuu zinaruhusiwa kukataa ombi ambalo kulishughulikia kutazidi pauni 600, na kwa kuwa kila saa huhesabiwa pauni 25, hiyo ni kazi ya saa 24. Anayeandika "naomba nyaraka zote kuhusu kuhoji mahabusu tangu 1972" amejifungia mlango mwenyewe. Omba waraka mmoja, kozi moja, kipindi cha mwaka mmoja au miwili. Mara nyingi ni busara ombi la kwanza liwe orodha tu: majina ya kozi, namba za vitini, tarehe za matoleo. Ukishakuwa na jina kamili la waraka, ombi la pili ni vigumu kukataliwa kwa kisingizio cha kutafuta muda mrefu.

Ukuta wa pili ni vifungu vya usiri. Kifungu cha 24 kinahusu usalama wa taifa, cha 26 ulinzi, cha 27 mahusiano na nchi nyingine. Vyote vitatu vinailazimu wizara kupima maslahi ya umma, kwa hiyo vinajadilika. Kifungu cha 23, kinachohusu taarifa zilizotoka kwa idara za ujasusi au zinazozihusu, hakina mizani hiyo kabisa. Hivyo epuka kuzitaja idara hizo katika ombi lako ikiwa huzihitaji. Uliza juu ya chuo cha jeshi, kikosi na Wizara ya Ulinzi. Ukikataliwa, omba mapitio ya ndani bila kuvuka siku 40 za kazi, kisha nenda kwa Kamishna wa Taarifa, kisha kwa baraza la rufaa ndani ya siku 28 baada ya uamuzi wake. Wengi huachia kwenye barua ya kwanza ya kukataa, na wizara inalijua hilo.

Kenya ina Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Haki hiyo ni ya raia. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na hulazimiki kutoa sababu. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini, jambo ambalo wakili wa mtu aliyetoweka baada ya kukamatwa hapaswi kulisahau. Ukikataliwa, unaipelekea malalamiko ofisi ya Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Kwa upande wa jeshi kuna mtego: sheria inaingiza mikakati na nadharia za kivita katika usalama wa taifa. Kwa hiyo usiombe "mbinu". Omba kanuni za ulinzi wa mahabusu, kwa mfano hivi:

"Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba: kanuni au amri ya kudumu inayotumika sasa kuhusu namna ya kumtendea mtu aliyekamatwa na Jeshi la Ulinzi, pamoja na tarehe iliyosahihishwa mara ya mwisho, sehemu ya mtaala inayofundisha katazo la mateso, na idadi ya saa za somo hilo, cheo, si jina, cha afisa aliyeidhinisha mtaala huo, na idadi ya waliohitimu kwa kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2023. Ikiwa sehemu yoyote itazuiwa, naomba zilizobaki zitolewe na sababu ya kisheria itajwe kwa kila sehemu iliyofutwa."

Saa za somo, cheo na idadi haviwezi kumsaidia adui yeyote. Wizara ikivikatalia, tayari una hoja ya kumpelekea Ombudsman.

Ikiwa hakuna karatasi

Hapa ndipo wengi hukwama. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika hukumu yake ya 1978 kati ya Ireland na Uingereza, ilieleza kwamba mbinu tano hazikuwahi kuidhinishwa kwa maandishi katika waraka wowote rasmi. Zilifundishwa kwa mdomo, katika semina iliyofanyika Aprili 1971, wakufunzi wakiwa watu wa kituo cha ujasusi cha Uingereza na wanafunzi wakiwa polisi wa Ireland Kaskazini. Somo halikuandikwa, lakini semina ilijulikana mwezi na washiriki.

Chochote kinachofundishwa kwa mdomo kinaacha karatasi pembeni yake. Wakufunzi walisafiri, kwa hiyo kuna hati za safari na posho. Wanafunzi waliondolewa lindo, kwa hiyo kuna orodha ya majina kikosini. Chumba kiliandaliwa, kwa hiyo kuna maombi ya vifaa, na mtambo wa kupiga kelele haununuliwi bila hati ya manunuzi. Ukipanga karatasi hizi kwa tarehe, somo lisiloandikwa linaanza kuonekana umbo lake.

Amri za mdomo nazo zifuatilie hivyohivyo. Mwaka 2003 kule Iraki, amri ya kuacha kufunika vichwa ilitolewa kwa mdomo, kisha ikapotea vikosi vilipobadilishana zamu. Kwa hiyo omba hati za makabidhiano kati ya kikosi kinachoondoka na kinachoingia. Kama katazo halimo humo, aliyekabidhi ana la kujibu, na aliye juu yake aliyeona inatosha kutamka tu ana zaidi.

Kwa nyaraka za zamani, hifadhi ya taifa ya Uingereza iko Kew, London. Katalogi inatafutika mtandaoni bila malipo, na ukishapata kadi ya msomaji unaruhusiwa kupiga picha kwa kamera yako. Karatasi za Wizara ya Ulinzi ziko kwenye mfululizo wa DEFE, za Wizara ya Vita WO, na za kamandi ya Afrika Mashariki WO 276. Za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki ziko CO 822. Zile zilizohamishwa kimyakimya makoloni yalipopata uhuru ziko FCO 141.

Mfululizo huu wa mwisho una historia inayomhusu kila anayefanya kazi hii. Kenya ilipokaribia uhuru, mafaili yalichomwa au kusafirishwa kwenda Uingereza, kwa agizo la 1961 kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza. Yaliyosafirishwa yalikaa kwa miongo Hanslope Park, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Yalijitokeza 2011 kwa sababu wazee wa Mau Mau, Ndiku Mutua na wenzake, walikuwa wameishitaki serikali ya Uingereza na mahakama ikadai nyaraka. Kesi ndiyo iliyoyatoa mafaili; maombi ya kawaida hayakuyatoa. Faili likidaiwa kuwa limeharibiwa, omba hati ya kuharibiwa kwake. Hati hiyo hutaja jina la faili na tarehe, na mara nyingine jina la faili tu linatosha kuonyesha kwamba ofisi ilijua.

Kulisoma somo

Ukipata kitini, ruka sura ya kwanza. Hiyo ndiyo yenye Mikataba ya Geneva na maneno ya heshima. Nenda kwenye viambatisho na maelezo ya mkufunzi.

Tafuta maneno laini. Katika ushahidi wa Basra lilijitokeza sana neno lenye maana ya kumlainisha mtu kabla hajahojiwa, na jingine la kuendeleza mshtuko wa kukamatwa. Maneno kama haya ni hatari kwa sababu hayataji kitendo, kwa hiyo askari hulijaza mwenyewe kwa anachokijua. Palipoandikwa kwamba mahabusu asiachwe atulie, uliza: kwa kitendo kipi, kwa dakika ngapi, nani anasimamia?

Tafuta pia viwango vya chini. Mwongozo wa jeshi la nchi kavu la Marekani wa 2006, namba 2-22.3, una Kiambatisho M kuhusu kumtenga mahabusu, na kinasema apewe angalau saa nne za usingizi usiokatizwa katika kila saa 24. Inasomeka kama ulinzi. Lakini kama hakuna ukomo wa siku ngapi mfululizo, kiwango cha chini kinaweza kugeuka ratiba. Hata hivyo Marekani ina jambo moja la kuigwa: sheria iliyopitishwa 2015 inautaka mwongozo huo uwe wazi kwa umma na upitiwe kila miaka mitatu.

Mlango mwingine wa kuchungulia ni "sababu za usalama". Kumfunga mtu macho asione mpangilio wa kambi kunaweza kuruhusiwa kwa muda mfupi, na kisingizio hichohicho hurefushwa hadi kikawa mateso. Dawa yake ni daftari la mahabusu. Dai daftari linaloonyesha saa ya kukamatwa, saa ya kufika, uchunguzi wa daktari, kitambaa kufungwa na kufunguliwa pamoja na sababu, chakula, maji, usingizi, nani alimtoa kuhojiwa na nani alimrudisha. Lilinganishe na orodha ya zamu za walinzi. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiobadilika kwa saa 36 lina uwezekano mkubwa wa kuandikwa baadaye.

Wala usiwaache nje wahudumu wa afya. Daktari wa kikosi kilichomshikilia Baha Mousa alifutwa kwenye rejista ya madaktari 2012. Bodi za taaluma husogea pale mahakama za kijeshi zinapogoma.

Uipeleke wapi

Mahakama ya kijeshi inauliza kama mtu huyu ana hatia. Haiulizi mafunzo yalikuwaje, na upande wa mashitaka hauna hamu ya kuuliza. Kuhusu Basra askari saba walishitakiwa. Mmoja, Koplo Donald Payne, alikiri kuwatendea watu unyama na akafungwa mwaka mmoja 2007. Wengine sita waliachiwa. Kilichofungua mlango wa mafunzo ni kesi ya familia za Wairaki, ya Al-Skeini, iliyoilazimisha serikali kukubali kwamba inawajibika kwa mahabusu wake Basra, na baada ya hapo ikaundwa tume chini ya Sheria ya Uchunguzi ya 2005. Tume ya aina hiyo haina mamlaka ya kumtia mtu hatiani, ila inaweza kuagiza vitini na kumweka mkufunzi kizimbani kama shahidi. Unapodai uchunguzi, dai hadidu za rejea zitaje neno "mafunzo" waziwazi. Lisipotajwa, mawakili wa wizara watalipinga kila litakapoulizwa.

Kwa Kenya, fahamu kwamba IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, haina mamlaka juu ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi. Unachonacho ni Bunge na mahakama. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi Bungeni, na Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka kama Mahakama Kuu. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaweka kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha mtu akifa. Nchi iliyojiunga na Mkataba wa Kupinga Mateso wa Umoja wa Mataifa, kama Kenya na Uganda, inabanwa pia na kifungu cha 10, kinachotaka katazo liwe ndani ya mafunzo ya askari na madaktari, na cha 11, kinachotaka mbinu za kuhoji zipitiwe mara kwa mara. Unapoandika taarifa mbadala kwa kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoko Geneva inayosimamia mkataba huo, usiishie kusema mateso yapo. Eleza saa za somo ulizojibiwa, au uambatishe barua ya kukataliwa. Wajumbe hupenda swali wanaloweza kulisoma mezani lilivyo.

Muda ni adui mkubwa. Mutua na wenzake walifanikiwa: Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kesi iliyofuata, ya Kimathi na wengine zaidi ya 40,000, ilikwama 2018, muda uliopita ukiwa kikwazo kikuu. Tangu 2021 Uingereza imeweka ukomo wa miaka sita, usio na huruma ya hakimu, kwa madai ya majeraha yanayotokana na operesheni za jeshi lake ng'ambo. Hesabu tarehe kabla hujaanza kuomba nyaraka, kwa sababu danadana za maombi zinaweza kumeza miaka miwili.

Mkufunzi akiwa mgeni

Majeshi ya Afrika Mashariki hufundishwa na wageni wengi. Marekani ina sheria ya Leahy, inayokataza msaada kwa kikosi chenye taarifa za kuaminika za ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Wizara yake ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa ripoti ya mafunzo kwa majeshi ya kigeni inayotaja kozi, idadi ya wanafunzi, vikosi walivyotoka, mahali na gharama. Uingereza inatakiwa kufanya tathmini ya hatari za haki za binadamu kabla ya kutoa msaada wa usalama nje. Omba tathmini hiyo kwa tarehe na jina la kozi. Chukua jina la kozi Washington au London, kisha uliza Nairobi nani walihudhuria. Majibu mawili yasiyofanana ni habari tayari.

Kabla ya kupokea waraka uliovuja, zungumza na wakili. Sheria ya Siri za Serikali ya Kenya, Sura ya 187, inamgusa pia anayepokea. Majina ya wakufunzi wa ngazi ya chini yafute unapochapisha. Unayemtafuta ni aliyeidhinisha.

Mapendekezo yakishatolewa, kazi inahamia kwenye jedwali. Gage alitoa 73, na wizara ikayakubali yote isipokuwa moja, lile lililogusa kuwafokea mahabusu kwa ukali. Liandike kila pendekezo kwenye mstari wake, mbele yake waraka uliobadilishwa, tarehe ya toleo na kozi inayoutumia, kisha tuma ombi lilelile kila mwaka, mwezi uleule. Mstari ambao haujapata namba ya waraka baada ya miaka miwili haujatekelezwa, hata waziri aseme nini.